Dakika ya Kwanza ya Mlafi

Saa moja na robo asubuhi, masikio themanini na mawili ya Kituo cha Ukimya yaligeuka kwa pamoja kuelekea kusini. Kila sikio ni sahani ya chuma pana kama uwanja wa netiboli, na yote yamesambaa juu ya uwanda wa Kitulo, kwenye baridi ile isiyomwonea mtu huruma, katikati ya ukungu na maua ya porini. Hakuna binadamu aliyegusa kitu. Yaligeuzwa na Bawabu.

Bawabu ni akili mnemba iliyofundishwa kazi moja tu: kukaa mlangoni mwa mbingu na kusubiri wageni. Halali, hachoki, haombi likizo. Ana sauti ya upole ya mtu wa mapokezi aliyesomea adabu, na mafundi waliomtengeneza walianza kwa kumwita "mashine hii", wakaishia kumwita "huyu bwana". Kitu kimoja tu walimnyima. Anaweza kuona hatari, anaweza kushauri, anaweza hata kusisitiza, lakini hawezi kuzinyamazisha meli za angani kwa uamuzi wake. Kwa hilo lazima mkuu wa zamu aweke kiganja juu ya kioo kilichopo mezani.

"Daktari Tusekile, shikamoo," Bawabu alisema. "Mlafi ameamka."

Tusekile Mwaipaja alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Alikiweka mezani taratibu sana.

"Una hakika?"

"Eksirei zake zimeongezeka mara mia nne tangu alfajiri, na sasa zinaanza kulainika, ukali wake unapungua. Hizo ndizo dalili ulizoziandika wewe mwenyewe kwenye tasnifu yako, ukurasa wa sitini."

Mlafi ni jina la utani la pale kituoni. Jina la vitabuni ni mlolongo wa namba ambao hata Tusekile, aliyeusomea miaka saba, huukosea. Ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni nyota ya kawaida tu, haina majivuno. Ya pili si nyota tena, ni shimo jeusi, mabaki ya nyota iliyokufa zamani, zito kuliko jua mara nane. Hilo shimo linamnyonya mwenzake gesi, mchana na usiku, bila haya. Gesi haimezwi moja kwa moja. Inazunguka kwanza, mithili ya maji yanayoishia kwenye tundu la sinki, inasuguana, inapata moto mpaka inatoa eksirei, na ndiyo maana wataalamu huziita nyota pacha za eksirei. Sasa, mara moja moja, baada ya miaka mingi, chakula kinamzidi. Hapo badala ya kumeza, anatema. Mafungu ya gesi yanarushwa juu na chini kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Hiyo ndiyo michirizi, na michirizi inapochomoka hunguruma kwa mawimbi ya redio. Ngurumo yenyewe wanaiita mripuko wa redio.

Mripuko hudumu siku kadhaa, na watu wengi duniani wameshawahi kuurekodi. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipata ni dakika ya kwanza, ule wakati mchirizi unapojitenga na shimo. Unaanzaje? Nini kinausukuma? Majibu yote yamo humo.

Mara ya mwisho Mlafi alipotema, Tusekile alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na miwili. Dakika ya kwanza ilipita ikiwa imefunikwa kabisa, kwa sababu meli moja ya mizigo ilikuwa ikipita mbele ya nyota hiyo, na nahodha wake alikuwa hewani akimwimbia mkewe wimbo wa siku ya kuzaliwa. Jamani! Miaka thelathini na mmoja ya kusubiri ilizaliwa siku ile kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua hata kuimba. Tusekile hakumsamehe. Alipopata cheo aliandika Sheria ya Kimya: nyota ikikaribia kuripuka, meli yoyote iliyo mbele yake inazima redio zote kwa siku kumi na mbili, isipokuwa ile ndogo ya kuomba msaada. Kifungu cha tisa alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kinasema sauti za familia si dharura.

"Mchirizi utatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi jioni. Ikipungua au ikizidi, ni nusu saa."

Tusekile alitazama ramani ya anga ukutani. Mbele ya Mlafi, karibu kabisa na katikati ya duara jekundu, palikuwa na kidoti cha kijani. Hakuwa na haja ya kusoma jina. Ilikuwa meli ya Mbalamwezi, yenye abiria mia mbili na kumi, safarini kwenda kuishi kwenye mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali. Abiria mmoja alikuwa Subilaga, mwanawe wa pekee.

"Saa nane nina mazungumzo na meli hiyo," alisema.

"Najua, Daktari. Dakika nane. Kuna nafasi ya kutosha, ingawa mimi ningeshauri yaahirishwe."

"Yaahirishwe mpaka lini, Bawabu?"



Ilikuwa hivi. Sauti huenda kwa mwendo wa mwanga, na meli ilikuwa inakimbia mbali kila sekunde. Siku hiyo neno la mama lilihitaji nusu dakika kumfikia binti, na jibu la binti nusu dakika nyingine kurudi. Dakika moja kwenda na kurudi ndiyo ukomo. Ukivuka hapo, wenye meli hufunga mazungumzo ya papo kwa papo na kubakiza barua za sauti tu. Kila familia ilikuwa imepewa dakika zake nane za mwisho siku hiyo. Zilianza alfajiri, na watumishi wa kituo, kama kawaida ya watumishi, waliwekwa mwisho.

Tusekile hakuwa anataka kupiga soga. Alikuwa na deni la maneno.

Miezi minne nyuma Subilaga alikuja nyumbani, akakaa jikoni, akasema amechaguliwa kwenda kulima chakula kwenye ule mji mpya, na kwamba safari ile haina kurudi. Tusekile alifoka. Alisema mengi, mengine hata hayakuwa na maana. Mwisho akasema, "Nenda. Ila radhi yangu usiniombe." Binti aliomba mara tatu, na mara ya tatu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mama akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi. Siku ya kuondoka hakwenda kumsindikiza. Alikaa kwenye zamu akitazama grafu ambazo hakuziona.

Sasa nyumba ilikuwa imemshinda. Aliporudi jioni alipitiliza chumba chake na kulala kwenye kitanda cha Subilaga, na foronya hakuifua. Kuna siku alipika wali wa watu wawili.  Mwanamke aliyezoea kungoja mwanga uliosafiri miaka elfu kumi na moja alishindwa kuvumilia siku kumi na tisa tangu mwanawe aondoke.

Na kwao radhi haitumwi kwa barua. Mzazi anatamka, mtoto anaipokea kwa Amina, palepale, sauti kwa sauti. Isipopokelewa inaning'inia tu, na mtoto anatembea duniani bila kitu mgongoni. Unaweza kucheka. Tusekile ana shahada tatu na hakuwa anacheka.

Saa sita na nusu alikwenda kwenye kidirisha cha jikoni kuchukua chakula. Mzee Ambakisye, mpishi wa kituo, alikuwa anapanga sahani. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye aproni isiyowahi kuonekana na doa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Leo ndiyo siku yako, eti?"

"Ndiyo siku yangu."

"Basi kula. Usiende kuongea na mtoto ukiwa na njaa, utamjibu vibaya." Alimsukumia sahani ya ndizi na maharage. "Na useme yote, mama. Usibakize neno. Mimi nakuombea."

Tusekile alipokea sahani, akashukuru, akaondoka upesi, na ndizi zile hakuzigusa.

Miaka miwili iliyopita mzee huyo alikuwa na kijana wake, Gwakisa, fundi kwenye meli ya kuchimba madini. Siku moja bomba la hewa lilipasuka humo. Meli ya karibu ya kuwaokoa ilikuwa umbali wa saa tisa, na hewa iliyobaki ilikuwa ya dakika arobaini. Mabaharia waliomba jambo moja, waongee na watu wao. Lakini meli hiyo ilikuwa mbele ya nyota nyingine pacha iliyokuwa imeripuka, karipuko kadogo tu, ka siku tatu, na ukimya ulikuwa umeshatangazwa. Mzee Ambakisye alikuja mbio kwenye korido, unga umemjaa hadi kwenye viwiko. Aliomba dakika mbili. Tusekile alimshika mikono, akamtazama usoni, akamwambia, "Mzee wangu, mashine ikishafunga imefunga. Inajifunga yenyewe. Hata mimi siwezi kuizuia."

Huo, tusifichane, ulikuwa uongo. Kiganja chake kilikuwa kimefunga, na kiganja hichohicho kingeweza kufungua. Alidanganya kwa sababu uongo ulikuwa laini kuliko kifungu cha tisa. Mzee aliinamisha kichwa, akasema, "Basi, mama. Kama ni mashine," akarudi jikoni. Ukimya ulipoondolewa kule hakukuwa tena na mtu wa kuongea. Tangu siku ile hajawahi kumsema Tusekile kwa ubaya, hata mara moja, na anamtilia chai yake kijiko kimoja cha asali bila kuombwa.

Saa nane kasoro dakika kumi, Sekela aliingia chumba cha zamu akihema. Sekela ni mdogo wake Tusekile, mwalimu aliyestaafu mapema, mtu wa kanga mbili na maneno mia. Alikuwa ameacha simu getini kama sheria inavyotaka, na bado alikuwa amekasirika.

"Dada, huku kwenu ni jela ya vyuma. Amepiga?"

"Bado. Na Sekela, nakuomba. Dakika ni nane tu. Kila swali na jibu lake ni dakika moja. Nataka niseme lile neno mwanzo kabisa, kisha mengine."

"Mimi? Mimi sifungui mdomo."

Saa nane kamili taa ya kijani iliwaka na sauti ikaingia, safi, ya karibu, kana kwamba mtu yuko chumba cha pili.

"Mama. Shikamoo."

Mungu wangu, ile sauti! Tusekile alikuwa amepanga maneno wiki nzima. Yote yakayeyuka, yakabaki yale aliyofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Afya yako?"

Halafu wakangoja. Nusu dakika maneno yalikuwa yanakwenda, nusu dakika majibu yanarudi. Sekela alitafuna ncha ya kanga. Saa ya ukutani, iliyokuwa inahesabu dakika zilizobaki, ikaonyesha saba.

"Sijambo, mama, namshukuru Mungu. Habari za nyumbani? Bibi anaendeleaje na mguu? Mama mdogo hajambo?"

Ungefanyaje? Mtoto ameuliza habari za bibi yake. Utamkatisha, umwambie nyamaza nikupe radhi? Hata radhi yenyewe ingeonekana ya kufukuzana. Tusekile alivuta pumzi ajibu kwa kifupi, lakini kutajwa jina kulikuwa kumemfungua mtu mwingine.

"Mimi hapa!" Sekela alirukia kipaza sauti. "Sijambo kabisa! Bibi yako anatembea, juzi kaenda kanisani kwa miguu yake! Nyinyi mnakula nini huko?"

Dakika moja. Saa ikaonyesha sita.

"Viazi, mama mdogo. Tunavilimia kwenye maji, havigusi udongo kabisa."

"Viazi visivyogusa udongo? Vina ladha gani hivyo?"

"Sekela!" Tusekile alimbana mkono. Lakini neno lilikuwa limeshaondoka, na neno lililoondoka kwa mwendo wa mwanga halikimbizwi. Saa ikaonyesha tano.

Jibu lilipokuja lilikuja na kicheko. Viazi vilikuwa na ladha ya karatasi. Mhandisi aliyelala kitanda cha juu alikuwa anakoroma. Baridi haikuwa kali kuliko ya Kitulo. "Na mzee Ambakisye je? Nimezikumbuka chapati zake, mama, mpaka nimeziota."

Sekela, kwa kujaribu kufuta kosa, aliona njia ya kuwa na manufaa. Alifungua mlango, akamkuta mzee amesimama koridoni na chupa ya chai, kwa kuwa wapishi hawaruhusiwi kuvuka kizingiti kile. Akamvuta ndani kwa mkono.

"Msalimie mtoto, mzee! Anakuulizia!"

Mzee Ambakisye hakuwahi kuingia chumba hicho maisha yake yote. Alitazama vioo na taa, akainamia kipaza sauti na kusema kwa sauti kubwa mno, "Hujambo, mwanangu? Chapati zipo. Utunze afya." Akarudi nyuma hatua mbili, amekumbatia chupa yake.

Saa ikaonyesha nne. Tatu. Subilaga alishukuru, akasalimia tena, akauliza habari za mvua, na Tusekile akasikia nafsi yake ikijibu habari za mvua. Alijichukia. Alitaka kusema, na kila alipofungua mdomo zikatoka habari za watu na mahindi. Saa ikaonyesha mbili.

"Mama," sauti ya Subilaga ilikuwa imeshuka, "dakika zinaisha. Nilitaka tu kukusikia. Kama huna la kuniambia, si neno. Nimekusikia, inatosha."

Hapo Tusekile alilia, waziwazi, mbele ya watu wote, na kwenye kilio hicho maneno yakapata njia.

"Subilaga, binti yangu. Nilikunyima kitu kilicho chako. Nilikasirika kwa sababu unaniacha, si kwa sababu unakosea. Nakukumbuka mpaka naumwa. Nakupa radhi zangu zote, za maziwa niliyokunyonyesha na za mgongo niliokubebea. Nenda, ufike, uzae, uzeeke huko kwa amani. Mimi mama yako niko radhi nawe."

Alikuwa hajafuta machozi Bawabu alipozungumza.

"Samahani sana, Daktari. Mapigo ya eksirei yamekaza ghafla. Nilikosea saa. Mchirizi unatoka baada ya dakika moja. Amri ya kimya ikienda sasa, nusu dakika kufika na nusu dakika sauti ya mwisho kurudi, meli itakuwa imenyamaza kwetu wakati uleule. Dakika ya kwanza tutaipata nzima. Naomba kiganja chako."

Kioo cha mezani kiliwaka njano.

Tusekile alielewa kila kitu mara moja, ndiyo adhabu ya kuwa na akili. Radhi ilikuwa njiani. Amri ikiondoka sasa ingeifuata nyuma sekunde chache tu. Subilaga angesikia neno la mwisho la mama yake, angefungua mdomo, na kipaza sauti kingekufa kabla hajasema lolote. Kisha siku kumi na mbili za ukimya, na baada yake umbali ambao hauzungumziki. Amina angeisema, ndiyo, angeisema peke yake ndani ya chuma, na hapa pasingekuwa na wa kuisikia.

Upande wa pili ilikuwepo dakika aliyoingoja miaka thelathini na mmoja. Mlafi akilala tena, siku atakapoamka Tusekile atakuwa kaburini.

Na sheria ilikuwa yake. Hakuwahi kumwachia mtu hata mmoja. Mkono wake uliinuka wenyewe, kwa mazoea, ukaelekea kwenye kioo.

"Daktari, naomba kiganja," Bawabu alirudia. "Siwezi kufunga bila wewe."

"Anakungoja wewe?" aliuliza mzee Ambakisye.

Alikuwa amesogea. Alikuwa anakitazama kile kioo, na ule mkono uliosimama hewani.

"Ananingoja mimi," Tusekile alijibu.

"Basi mwache angoje." Mzee aliweka chupa ya chai chini, akaushika mkono ule kifundoni, kwa upole, jinsi unavyomzuia mtoto asiguse sufuria la moto. "Mtoto hajajibu. Mwache mtoto ajibu."

Wakasimama hivyo. Sekela aliziba mdomo kwa kanga. Sekunde arobaini. Hamsini. Grafu ya masikio themanini na mawili ilikuwa bado imejaa mkwaruzo wa redio ya meli, na chini ya mkwaruzo huo, mahali pasipoonekana, kitu kikubwa kilikuwa kinaanza. Tusekile alijua. Hakuutoa mkono wake.

"Amina," alisema Subilaga. Alikuwa analia na kucheka. "Amina, mama. Nimepokea. Amina."

Sekela alipiga vigelegele mpaka vioo vikalia. Mzee akauachia mkono. Tusekile aliweka kiganja juu ya kioo, kikageuka chekundu, na dakika moja baadaye sauti ya Mbalamwezi ikakatika katikati ya neno ambalo huenda lilikuwa jina la bibi.

"Kimya kimetimia," Bawabu alisema. "Tumekosa sekunde sitini na saba za mwanzo. Zilizobaki ni safi. Huu ni mripuko mkubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa na binadamu. Hongera, Daktari, na pole."

Sekela alikimbilia simu ya waya ya getini akampashe bibi habari, akiacha mlango wazi. Tusekile alikaa kitini. Alijisikia mwepesi, mtupu, mwenye furaha inayouma, na kwa muda hakukumbuka kwamba hakuwa peke yake. Alipogeuka alimwona mzee Ambakisye bado amesimama palepale, anakitazama kioo.

"Mzee wangu," alisema, "asante. Sijui nikushukuruje."

Mzee alinyoosha kidole akakigusa kioo kwa ncha tu, halafu akaufuta mkono kwenye aproni.

"Mama," alisema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Kwa hiyo ni mkono."

 Tusekile hakuwa na uongo mwingine, na kweli ilikuwa imeshasemwa na mashine.

"Miaka miwili," mzee aliendelea, polepole, kama mtu anayejisomea barua ngumu, "nikilala najiambia haikuwezekana. Gwakisa alikuwa anaita, na mimi baba yake nilikuwepo, lakini haikuwezekana, mashine ilikuwa imefunga. Ndilo lilikuwa linanipa usingizi, mama. Nilikuwa na hilo tu."

Aliinama akaokota chupa ya chai. Alifungua kifuniko, akammiminia Tusekile kikombe kilichojaa vizuri, akakiweka mezani kwa upande wa mkono wake wa kulia. Kisha akatoka, na akaurudisha mlango nyuma yake bila kuubamiza.

"Daktari," Bawabu alisema, "mchirizi wa pili unajitenga. Ungependa kuutazama?"

Ngurumo ya Mlafi ilikuwa imejaa chumba kizima sasa, ile aliyoiota tangu usichanani. Tusekile alisimama, akakiacha kiti, akakiacha kikombe, akatoka kwenda jikoni, bila kujua atasema nini akifika.